Uji wa Chumvi

Nyumbani kwetu Isevya uji hutiwa chumvi.
Tabora nzima ina asali, asali ya miombo,
inauzwa stesheni kwa chupa za konyagi,
na sisi, chumvi.
Jirani akionja hutema: nani kawaroga?
Baba hujibu bila kuinua jicho kwenye mwiko:
Ndivyo alivyokunywa babu.

Babu yupi, hakusema.

*

Tulipomzika nikarithi bati la biskuti:
kutu, vifungo, cheti cha chanjo ya ndui
na picha tatu.

Ya kwanza imeliwa na mchwa toka juu hadi magotini.
Zimebaki soksi ndefu, viatu,
na kivuli cha kofia kimelala juu ya reli.

Ya pili, wanaume tisa mbele ya garimoshi,
mweupe mmoja, kiko mdomoni,
mkono wa kushoto una vidole vinne.
Nyuma yake wino umepauka: Karakana, Tabora.
Mwaka umemezwa na doa la chai.

Ya tatu nitaisema baadaye.

*

Nikamwendea baba mdogo Kapela, Kiloleni.
Yule? Fundi wa boila.
Kidole alikitoa sadaka kwa injini.
Shangazi Nyanzala akadakia: wapi!
Kililiwa na mamba, Malagarasi.
Wakabishana hadi adhuhuri,
kila mmoja akinionesha kwenye kidole chake
mahali palipokatika.

Walikubaliana jambo moja tu:
alitoka kisiwa cha mvua, huko Uskoti,
kuni hakuna,
watu huchimba matope, huyaanika,
huyachoma, huyapikia.

Utotoni nililijaribu hilo.
Nilifinyanga tope la bwawa la Igombe,
nikalianika siku nne, nikalipigia kiberiti.
Kilichoungua ni kidole changu.

*

Halafu jina.
Tunaitwa Makini. Mwalimu wa darasa la pili
alinisimamisha mbele ya wenzangu:
Mwigeni Kabula, makini kwa jina na kwa kazi!
Nikalivaa jina hilo kama sare iliyopigwa pasi,
miaka arobaini sijathubutu kulikunja.

Kumbe kwenye kitabu cha mishahara ya reli
(mtu wa masijala alinifunulia akiwa na njaa,
ufunguo tayari mkononi)
limeandikwa MacKinnon.
Wapiga nyundo wakaliita Makinoni.
Kisha karani fulani, jioni fulani,
kalamu ikamchosha kabla ya mwisho wa neno.
Umakini wetu wote
ni uvivu wa mtu mmoja.

*

Sasa ya tatu.
Studio, pazia lililochorwa ngazi na maua.
Ameketi, kiko hana, amempakata mtoto,
baba wa baba yangu,
anamtazama
kama mtu aliyeshika barua ya lugha asiyoisoma.
Ukingoni mkasi umepita.
Kimebaki kiwiko cha mwanamke,
vitindi vitatu vya shaba,
na pindo la kaniki.

Miezi minane nasaka kisiwa.
Nimekariri bandari zake, nimemwandikia mchungaji wa huko,
akanijibu kwa adabu kwamba Makinoni ni wengi,
makaburi yamewajaa.
Kwa ajili ya kiwiko hiki
sijabisha hodi hata mlango mmoja.

Nani alishika mkasi?
Baba mdogo anasema mpiga picha.
Shangazi akanyamaza,
na shangazi si mtu wa kunyamaza.
Nilipofika kwenye lango ndipo akasema,
kama anayemwambia kuku:
Bukene. Ulizia ukoo wa wafua shaba.

*

Alfajiri hii, kabla ya basi, nimekoroga uji.
Mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo la chumvi,
ukasimama.
Mwanamke huyu, kabla hajamjua Makinoni,
uji wake alitia nini?

Nikaunywa hivyo hivyo, mtupu,
nimesimama, bati la biskuti kwapani.